Bolti Niliyoifungua Mimi

Jumamosi, 14 Machi

Nimemkosea Fundi Taratibu. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili nisije nikazunguka zunguka. Kosa ni langu, nimembebesha yeye, watu wameamini, na mimi nimeshukuriwa juu yake.

Daftari hili ni la kazi. Mimi ni mpaka rangi. Humu huwa naandika ndoo ngapi zimeingia, nimechanganya nini na nini, ukuta umechukua siku ngapi kukauka. Sasa mvua zimeanza, kuta za nje haziguswi mpaka zikatike, kwa hiyo kurasa ziko tupu na mimi niko nyumbani.

Ilikuwa hivi. Dada yangu mkubwa, mkunga wa hospitali, alikwenda mafunzo wiki mbili akaniachia gari uani kwangu. Gari dogo, otomatiki, halina klachi. Nikasema nimfanyie wema, nimbadilishie oili ya injini, akirudi alikute limetulia. Kazi hiyo nimewaona watu wakiifanya mara mia. Nikaingia chini, nikakuta bolti mbili za kumwagia, moja huku na moja huku. Ipi ya injini? Kila mtu anajua oili ya injini ikichoka inakuwa nyeusi, na oili ya giaboksi ni nyekundu. Na mimi kazi yangu ni rangi! Nikafungua moja, ikatoka kahawia ya kwenda kwenye weusi, kama milango ya ofisi za zamani. Nikajiambia, ndiyo hii. Nikamwaga, nikafunga, nikaja juu nikamimina lita nne mpya kwenye injini.

Kumbe ile ilikuwa ya giaboksi. Imezeeka tu, wekundu ulishakufa. Mtu mwingine asiyejua rangi angeuliza. Mimi nilijua, sikuuliza.

Dada alirudi Jumatatu iliyopita, tarehe 9, akalitoa gari. Injini ina oili mara mbili, giaboksi ina mabaki. Lilikwenda linafuka moshi mpaka kwenye mwinuko wa hospitali, likanguruma, likakataa kupanda. Wapita njia wakamsukumia, likarudishwa kwangu. Nikapima. Nikaelewa pale pale.

"Lina nini?" Dada akauliza.

Mwezi mmoja nyuma Fundi Taratibu alikuwa amebadilisha sili iliyokuwa ikivuja kwenye giaboksi ile ile: alimwaga oili, akairudisha hiyo hiyo ya zamani, akakaza bolti. Mdomo wangu ukasema, "Dada, bolti ya chini haikukazwa. Oili yote ya gia imevuja." Jina la Fundi sikulitaja. Sikuwa na haja.

Yeye akaenda zamu kwa miguu. Mimi nikapunguza oili ya injini, nikakimbia dukani nikasema nipe oili ya gia, nikajaza. Jioni gari likatembea. Dada akanikumbatia mbele ya mke wangu. "Mdogo wangu, bila wewe hili gari lingekuwa chuma chakavu." Akampigia Fundi simu akamwambia asiliguse tena gari lake.

Mke wangu hajui. Dada hajui. Anayejua kwamba hakukosea ni Fundi mwenyewe. Hilo ndilo linalonipa usingizi kidogo.


Jumapili, 15 Machi

Mvua asubuhi mpaka jioni. Sikutoka.


Jumatano, 18 Machi

Dada amepita. Anasema gari likibadili gia linampiga teke mgongoni. Nikafungua kile kijitabu cha gari kinachokaa kwenye droo ya mbele, nikasoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili. Oili niliyojaza siyo yake. Niliyouziwa ni ile nzito ya magari ya klachi. Otomatiki inataka ya kwake, nyepesi, nyekundu.

Kosa la pili hilo, juu ya la kwanza.

Nikamwambia Dada, "Niachie Jumamosi hii, halafu kila baada ya wiki mbili, nitalinyoosha." Akasema, "Mungu akuweke, mdogo wangu." Nikaangalia pembeni.


Jumamosi, 21 Machi

Mvua imepumzika tangu saa tatu mpaka saa nane. Leo nimefanya kazi kama inavyotakiwa, na naiandika yote, maana imenifurahisha.

Kwanza nimelizungusha gari mtaani dakika kumi, oili ikipata joto inateremka vizuri. Mawe nyuma ya matairi. Jeki, kisha stendi za chuma pande zote mbili, nikalitikisa gari kwa mabega kabla sijaingia chini. Nikafungua bolti ya giaboksi, ile ninayoifahamu kuliko ninavyotaka. Oili ikashuka kwenye beseni. Nikaipima kwa kopo langu la rangi lenye mistari: lita mbili na nusu. Kijitabu kinasema ndani zinakaa lita sita na kitu. Nyingine inabaki imejificha kwenye matundu huko ndani, huwezi kuitoa kwa kufungua bolti. Dawa yake ni kumwaga hiyo inayokubali, kujaza mpya kipimo kile kile, kuendesha wiki mbili ichanganyike, na kumwaga tena. Mara tatu, nne. Hakuna njia ya mkato.

Wosha ya bolti, kile kipete cha kuzuia uvujaji, nimeweka mpya. Nimejaza kwa faneli na mpira kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Nikawasha, mguu kwenye breki, mkono nikaupeleka kwenye kila gia polepole, nikahesabu mpaka kumi kila moja, nikarudi mwanzo. Nikapima injini ikiwa inanguruma, maana otomatiki hii hupimwa hivyo. Sawa sawa kwenye alama.

Mke wangu ni mshonaji, cherehani yake iko barazani. Alikuwa ananitazama juu ya miwani.

"Huku chini ya gari kuna nini ambacho kitandani hakipo?"

"Kimya," nikasema.

"Subiri utoke."

Akaniletea chai hapo hapo chini, nikainywa nimelala ubavu. Ningekuwa mtu msafi leo ingekuwa siku nzuri kabisa. Hata hivyo ilikuwa nzuri. Najishangaa.


Jumanne, 24 Machi

Mvua. Nimesugua brashi zote kwa mafuta ya taa. Mke wangu anasema zinang'aa kuliko vijiko vyake.


Jumamosi, 28 Machi

Dada amekuja kula. Anacheka, ana habari za wodini. Kati ya habari hizo: wakunga wanne wamehamisha magari yao kutoka kwa Fundi Taratibu, na dereva wa ambulansi naye ameacha kumpelekea.

"Niliwaambia wote, wakati wa kukabidhiana zamu," Dada akasema. "Nikawaambia jamani, yule mzee amechoka, hakazi bolti. Siku moja ataua mtu."

Mke wangu akasema, "Lakini wifi, yule si ndiye anayekaza mpaka unamwonea huruma? Si ndiyo sababu wakamwita Taratibu?"

"Uzee, wifi. Uzee hauombi ruhusa."

Nikainuka nikaenda kuangalia kama geti limefungwa. Lilikuwa limefungwa.


Jumamosi, 4 Aprili

Mara ya pili. Zimetoka lita mbili na nusu vile vile, rangi ya chai ya rangi iliyokaa. Wekundu unaanza kuonekana ukiinua kopo juani, ila jua lenyewe ndilo hakuna. Gari limepunguza mateke. Dada anasema sasa linamsukuma tu, kama mtu kwenye foleni.


Jumanne, 7 Aprili

Nimemwona Fundi Taratibu leo. Mvua inanyesha ya kulowesha mifupa, naye anatembea na spana moja mkononi na kipande cha nailoni kichwani. Amesimama getini kwa mwalimu, jirani yangu wa pili. Nikasikia anasema, "Samahani mwalimu, lile gari lako nililolitengeneza mwezi wa kwanza, naomba nilikague bolti tu. Dakika mbili."

Mwalimu akamwambia gari halina shida yoyote.

"Najua, mwalimu. Naomba tu nikague."

Akalala kwenye matope chini ya gari la mwalimu. Akatoka. "Ziko sawa," akasema, na uso wake haukufurahi, ulikuwa kama wa mtu ambaye hajaamini mikono yake mwenyewe.

Nimesimama nyuma ya pazia langu, mtu mzima mwenye mvi.


Jumamosi, 11 Aprili

Leo Fundi amekuja kwangu.

Nilipomwona getini nilidhani siku imefika, kwamba amejua. Kwa kweli kuna upande wangu uliofurahi. Akakataa kiti, akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Ni mtu mrefu, mikono mipana, na hakuna anachofanya haraka, hata kupiga chafya anaanza kujiandaa mapema.

"Rangi," akasema. Ndivyo anavyoniita miaka yote. "Nina ombi. Nigawie rangi nyeupe kidogo. Kikopo tu, na brashi nyembamba."

"Unapaka nini, Fundi?"

"Bolti." Akatazama mikono yake. "Nikimaliza kukaza, naweka alama nyeupe. Nikirudi nikaona alama, najua nimekaza. Bila alama sijui. Nakaza, natoka, nikifika mlangoni sijui kama nilikaza au niliota."

Nikatafuta kikopo kitupu.

"Tangu lile la dada yako," akasema. "Nimelirudia kichwani, Rangi. Nakumbuka ile bolti. Nakumbuka nilivyoikaza, nakumbuka hata upande niliokuwa nimelalia. Lakini oili ilivuja, si ndiyo? Wewe mwenyewe uliona. Kwa hiyo ninachokikumbuka hakikutokea. Sasa mtu kama huyo anafaa kuwa chini ya magari ya watu?"

Mke wangu alikuwa barazani. Cherehani ikanyamaza.

"Mama yangu alianza hivi hivi," Fundi akasema. "Alianza na funguo. Akaja kwenye majina. Mwisho alikuwa ananiita kaka. Mimi nimemwambia mke wangu, mvua zikiisha nafunga gereji. Bora niondoke nikiwa bado najua kwamba sijui."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumsaidia mwenzako asijisikie vibaya. Yeye ananisaidia mimi!

Nilikuwa nadhani yeye anajua hakukosea. Mwezi mzima hilo ndilo nililolalia. Nilidhani nimemchukulia wateja tu, na wateja hurudi. Kumbe nimemchukulia kichwa chake.

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua. Nikasema, "Nyeupe ya mafuta au ya maji?"

"Ipi haitoki kwa oili?"

"Ya mafuta."

Nikamjazia kikopo. Nikamchagulia brashi namba mbili, mpya. Akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka na mvua yake. Nikabaki nimesimama na kifuniko mkononi.


Jumapili, 12 Aprili

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anapindua suruali ya mtu. Nilianza na bolti mbili na rangi ya kahawia, naye akacheka. "Mpaka rangi mzima!" Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu nikaendelea, akaacha kucheka kidogo kidogo, kama bomba linalofungwa.

"Na siku ile dada yako alikukumbatia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na jana. Alipokaa pale kwenye ndoo."

"Ndiyo."

Akaukata uzi kwa meno. "Unakwenda lini?"

Nikamwambia nataka kwanza nimalize gari, zimebaki mara mbili, giaboksi ikiwa safi kabisa nitakwenda kwake nikiwa na kitu cha kuonyesha.

"Kwa hiyo yeye apake bolti alama nyeupe wiki tatu nyingine, ili wewe upate zawadi ya kwenda nayo."

Sikuongea naye tena mpaka wakati wa kula. Siyo kwa hasira. Nilikuwa sina pa kushika.


Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Sijaenda.


Ijumaa, 17 Aprili

Sijaenda. Mke wangu haulizi. Kutouliza kwake kunapiga kelele nyumba nzima.


Jumamosi, 18 Aprili

Mara ya tatu. Imetoka nyekundu ya matofali. Nimejaza, nimepitisha gia zote, nimepima, nimefuta mpini wa jeki. Mikono imeshaijua kazi, haigongani tena. Dada alipokuja kulichukua akazunguka nalo mtaa mmoja akarudi, akashusha kioo. "Halipigi tena! Linateleza kama sabuni!" Akanirushia busu kwa kiganja kama tulivyokuwa wadogo.

Raha ya kazi ilikuwepo na aibu ilikuwepo, zimekaa benchi moja.


Jumanne, 21 Aprili

Mziba pancha wa kona amenionyesha seti ya spana za soketi, ziko kwenye boksi lake la bati, kila moja na kitanda chake. "Fundi Taratibu amenipa," akasema. "Anagawa vitu. Anasema za kwake zimetosha."

Mvua yenyewe inapungua. Leo imenyesha saa mbili tu.


Jumatano, 22 Aprili

Nimekwenda.

Gereji yake iko nyuma ya nyumba, paa la bati juu ya nguzo nne. Mvua ikaamua kurudi wakati ule ule nilipofika. Alikuwa amelala chini ya gari la pekee lililobaki, miguu tu ndiyo inayoonekana, na kile kikopo changu kiko pembeni.

Nikasema, "Fundi, bolti ya dada yangu niliifungua mimi."

"Nini?"

"Nasema niliifungua mimi!"

"Piga kelele, Rangi! Bati linaongea!"

Basi nikapiga kelele. Dhambi niliyoificha wiki sita nimeisema kwa sauti ya kuita ng'ombe. "BOLTI YA GIABOKSI NILIIFUNGUA MIMI! NILIDHANI NI YA INJINI! NIKAKUSINGIZIA!" Mke wake akatokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Miguu ya Fundi ikatulia. Kisha akatoka, taratibu, kwanza magoti, kisha tumbo, kisha uso. Akakaa chini pale pale.

"Rudia."

Nikarudia yote. Oili ya kahawia, lita nne kwenye injini, mwinuko, uongo.

Nilikuwa najiandaa kwa kofi. Akaniuliza, "Bolti. Ulipoifungua. Ulikuta imekaza au imelegea?"

"Imekaza, Fundi."

"Imekaza vipi?"

"Ilinishinda. Spana iliteleza mara mbili. Nikachomeka bomba kwenye mpini ili niirefushe, nikaning'inia nalo ndipo ikalia."

"Ulitumia bomba?"

"Nilitumia bomba."

"Bomba refu kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akainuka. Sijawahi kumwona anainuka haraka namna ile. "Mama watoto! Umesikia? Alitumia bomba! Akaning'inia!" Akamshika mke wake mabega, mwiko ukadondoka. "Nilikaza! Nilikwambia nakumbuka nimelalia upande wa kushoto! Nilikaza hadi mpaka rangi mzima akaning'inia!"

Mke wake akaanza kulia na kucheka pamoja. Fundi akazunguka gari mara mbili. Akanishika mkono akautikisa kama mtu aliyeletewa habari ya mjukuu. Tukanywa chai. Mimi sikuelewa nafanya nini na uso wangu. Nilikuja na dhambi nikapewa chai.

Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka soksi. Mke wangu akauliza, "Amesemaje?" Nikamwambia amefurahi.

"Subiri kesho," akasema.


Alhamisi, 23 Aprili

Nilipita gereji asubuhi, nikidhani sisi sasa ni marafiki. Fundi alikuwa amesimama, mikono nyuma.

"Jana ulinipa habari njema nikasahau kukasirika," akasema. "Leo nimekumbuka."

Nikasimama.

"Wiki sita, Rangi, nikiamka kabla sijaweka mguu chini nakariri majina ya wajukuu wangu. Wote tisa. Nikikwama kwa mmoja natokwa jasho. Mke wangu ananisikia, anajifanya amelala. Ulikaa mbele yangu ukaniuliza nyeupe ya mafuta au ya maji."

"Nisamehe, Fundi."

"Ondoka kwanza. Nikitaka kukusamehe nitakuja mwenyewe, kwako najua."

Nikaondoka. Kwa ajabu, nilitembea mwepesi kuliko nilivyokuja jana. Ile hasira ni yangu, ni haki yangu, imefika kwenye anwani yake.


Jumapili, 26 Aprili

Nimemwambia Dada. Tulikuwa ndani ya gari lake, nje ya geti langu, vioo vimejaa manyunyu. Alipoelewa akazima injini.

"Kwa hiyo nilikukumbatia."

"Ndiyo, Dada."

"Kwa hiyo nimesimama mbele ya zamu mbili nikasema yule mzee ataua mtu. Mimi. Na sauti yangu hii."

Ndiye aliyenilea tangu mama afariki, huyu. Kichapo chake nakijua, lakini hiki cha kunong'ona sikuwa nakijua.

"Nimezalisha wanawake miaka ishirini na mitatu," akasema. "Nimeona wanaume wanazimia, wanakimbia, wanajificha chooni. Mwanamume wa kujificha nyuma ya bolti, wewe ndiye wa kwanza. Na ni wa mama yangu."

Nikacheka bila kutaka. Akanipiga begani, kwa nguvu, kisha naye mdomo ukamtoroka kidogo. Halafu akasema shuka. Aliondoka moja kwa moja kwenda kwa Fundi, niliona amekata kona ile. Mke wa Fundi alimweleza mke wangu baadaye kwamba Dada alikaa saa nzima na kwamba aliomba radhi kwa kupiga goti, mkunga mkuu mzima, kwenye sakafu ya oili.


Jumatatu, 27 Aprili

Jua. Ukuta wa mashariki umekauka. Nimeitwa kwenda kupima nyumba ya kupaka.


Jumamosi, 2 Mei

Mara ya nne, na ya mwisho. Nilikuwa nimeshainua gari nilipoona viatu vikubwa vimesimama kando ya beseni.

"Usitoke," Fundi akasema. "Endelea. Sijaja kukusamehe, nimekuja kuona giaboksi."

Nikaendelea, jasho linanitoka kama mwanafunzi wa mtihani. Nikafungua bolti. Ikashuka nyekundu. Siyo ya matofali wala ya chai: nyekundu yenyewe, ya kupitisha mwanga. Fundi akachovya kidole, akakisugua na gumba, akanusa.

"Nani kakufundisha kurudia mara nne?"

"Kijitabu cha gari."

"Ulianza kusoma baada ya kuharibu."

"Ndiyo, Fundi."

"Wengi hawasomi hata baada." Hiyo kwake ni sifa, nimeiweka.

Nilipokaza bolti akapiga magoti, akaijaribu kwa spana yangu. Ikakubali kuzunguka kidogo tena, robo ya nusu. Akaikaza, akanirudishia spana. Nikajaza, nikapitisha gia zote nikihesabu mpaka kumi, yeye akihesabu nami kwa midomo. Mke wangu akaleta chai vikombe vitatu akakaa nasi. Manyunyu yalikuja yakaondoka, hakuna aliyesogea.

"Gereji sifungi," Fundi akasema. "Spana zangu nimezifuata kwa mziba pancha. Amenuna." Akanywa. "Lakini wale wa hospitali hawajarudi hata mmoja. Dada yako amewaambia. Wanasema anamfunika mzee kwa huruma. Mimi nikienda kujitetea, watasema ndivyo wasemavyo wote."

"Mimi nitawaambia," nikasema.

"Sikukuomba."

"Najua."

Akakitazama kikombe. "Zamu hukabidhiana asubuhi," akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa.


Jumanne, 5 Mei

Nimemwomba Dada nafasi. Wodini mwanamume haingii, ila makabidhiano wanafanyia barazani, kwenye benchi. Akasema Ijumaa ndiyo siku ya zamu zote mbili kukutana, na dereva wa ambulansi huwepo. "Dakika moja tu," akasema. "Na usije ukalia, tuna kazi."

Nikaandika nitakachosema. Ukajaa ukurasa mzima na nusu. Nikampa mke wangu asome. Akachukua ile chaki yake ya kuchorea vitambaa.

"'Nia yangu ilikuwa njema.' Nani kakuuliza?" Akachora mstari.

"'Kwa bahati mbaya.' Bahati ya nani?" Mstari.

"'Kama binadamu wengine wote.' Hebu waache wengine wote, wako kwao." Mstari.

"Hiyo ya mvua niache," nikasema. "Ni ukweli, kulikuwa na mawingu, mwanga ulikuwa hafifu."

"Mvua ilifungua bolti?"

Akachora.

Zimebaki sentensi nne. Nazinakili hapa kwa wino, ili nisipate pa kuzipunguzia:

Mimi ndiye niliyefungua bolti ya giaboksi ya gari la dada yangu. Ilikuwa imekazwa vizuri na Fundi Taratibu, mpaka nikatumia bomba. Nilimdanganya dada yangu kwamba haikukazwa, na nikamwacha Fundi aamini kwamba kichwa chake kinaharibika. Nawaomba mnisikie mimi leo kama mlivyomsikia dada yangu siku ile.

Ijumaa, tarehe 8 Mei, saa moja na nusu asubuhi, nitasimama kwenye baraza la wodi ya wazazi mbele ya zamu zote mbili na nitazisema zote nne, kwa sauti niliyotumia chini ya bati. Nimemwomba Fundi awepo. Amesema atakuja kama hatakuwa na gari juu ya jeki. Akija, asipokuja, nitazisema.